Waya kwa Waya

Alishushwa Pakwach ndani ya kizimba cha plastiki,
watoto wa stendi wakauliza kama ni fisi au mzee.
Ndevu alikuwa nazo. Nyusi pia, nzito,
kama za mwalimu Onegiu akisahihisha hesabu.
Nilimpitishia kiganja mgongoni, kikarudi kinawaka.
Nikamwita Msasa.

Karatasi zake zilikuwa na jina refu la Kijerumani
ambalo Koplo Munguriek alilijaribu mara mbili, akakohoa.
Zilieleza kwamba wawindaji wa huko walichoka kufuga mbwa watatu:
wa kunusa, wa kuogelea, wa kufuata damu.
Wakachanganya uzao kwa uzao
hadi wakampata mmoja wa kazi zote,
aliyevaa koti ambalo miiba hailichani.
Kumbe babu zake walikuwa watu wa porini.
Sikusema kitu.
Wangu pia.

Nimejifunza kumtunza kwa kukosea.
Mwezi wa kwanza nilimnyoa kwa mkasi, nikimhurumia jua;
yakaota manyoya laini kama pamba mbovu,
kila mbegu ya nyasi ikapata pa kulala.
Afoyorwoth, daktari wa mifugo, hakunigombeza.
Alichuchumaa, akashika unywele uliokufa
kwa kidole gumba na cha shahada,
akauvuta upande ule unakoelekea.
"Huyu hanyolewi," akasema. "Huyu anapaliliwa."
Basi mara mbili kwa mwaka nampalilia
kama shamba la karanga la mama,
naye anasinzia, mdomo wazi, anakoroma.

Kila jioni: masikio, kwapa, katikati ya vidole.
Kupe wanazama kwenye kopo la mafuta ya taa.
Ndevu nazikausha akishakunywa,
la sivyo zinanuka kama gunia la mukene.
Mbung'o hupenda buluu; kola yake ni ya kahawia.
Akisusa chakula hata mara moja, natazama ufizi:
ukipauka, pikipiki inawashwa usiku huohuo.
Na asikae bure. Siku mbili bila kazi
alikula buti la kushoto la koplo, pamoja na kamba.

Kazi yake ni waya.
Waya wa breki za baiskeli, waya wa tairi zilizochomwa,
vitanzi vya kimo cha goti la swala
kwenye vijia vya kwenda mtoni, kati ya mivumo.
Habweki. Anaketi.
Ananitazama kwa macho ya rangi ya chai kavu,
mimi nakata, namlipa mpira wa tenisi uliopasuka.

Jumanne ile ya manyunyu aliketi mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili niliinama, koleo mkononi,
nikaliona fundo:
zungusha mara tatu, rudi chini,
ncha ifiche ndani isije ikameremeta.
Fundo hilo nilifundishwa nikiwa na miaka saba,
nyuma ya jiko, kwa kamba ya kiatu,
na mtu ambaye hadi leo ananiita kwa jina la bibi yake.

Waya una kutu, nikajiambia. Ni wa zamani.
Lakini grisi ilikuwa mbichi.

Msasa alikuwa bado ameketi, akidai mpira wake.
Pua haijui fundo la nani.
Nikakata. Nikaandika daftarini kama mingine:
namba kumi na mbili, karibu na mvumo ulioungua kichwa.
Safu ya maelezo nikaiacha tupu.

Usiku haukuwa msimu wa kupalilia,
lakini nilikaa naye kwenye ngazi za kambi
nikatafuta kwa vidole unywele ulio tayari kutoka.
Haukuwepo. Niliendelea kutafuta.

Jumamosi nitakwenda naye Panyimur.
Nitamwacha mzee ampapase,
kiganja chake kipite mgongoni, kiwake,
wala sitafungua kinywa
mpaka aniulize mwenyewe
koti kama hili lilitengenezwa kwa kazi gani.